Kikombe cha akiki cha bibi kimepasuka kwa fundi. Hawa wa zamani walifungaje dhahabu kwenye jiwe?

BintiPangani (Dallas)

Habari zenu ndugu zangu. Mnivumilie, swali langu lina maelezo marefu kidogo.

Marehemu bibi yangu aliniachia kikombe kidogo cha akiki. Rangi yake ni kahawia iliyokolea, na mstari mmoja mweupe unakizunguka kama alama inayoachwa na kahawa ikikaukia kikombeni. Ukikishika kinaenea kiganjani. Mdomoni kina ukingo wa fedha, na ukingo huo ulikuwa umelegea tangu mimi ni mtoto. Ukikitikisa unausikia unagonga. Bibi hakukitumia. Alikiweka kabatini kule Pangani pamoja na bilauri za wageni, juu ya kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na akituambia kililetwa na jahazi kutoka India kabla yeye hajazaliwa.

Mwaka jana nilikipeleka kwa fundi wa vito hapa ninapoishi aukaze ule ukingo. Akaniambia ni kazi ya dakika tano. Nilipokwenda kukichukua, ukingo ulikuwa umekaza kweli, lakini kutoka mdomoni hadi karibu na kitako kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nilipomuuliza akasema jiwe lilikuwa bovu tangu mwanzo. Nimekishika kikombe kile zaidi ya miaka ishirini, nakijua kwa ncha za vidole. Ufa ule haukuwepo. Nililia ndani ya gari kabla sijawasha injini.

Sasa Jumapili iliyopita nilimpeleka mwanangu kwenye Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Dallas, maana kiingilio ni bure. Tukafika mbele ya birika moja, urefu wake kama rula ya shule, limechongwa kwenye jiwe moja linalopitisha mwanga kama maji. Ubavuni wamechongwa duma wenye minyororo. Na birika lenyewe limevalishwa dhahabu yenye enameli. Maelezo yanasema birika ni la Misri ya Wafatimi (ukoo wa makhalifa wa Kiislamu), karne ya 10 au ya 11, na dhahabu ilifungwa na sonara Mfaransa, Jean-Valentin Morel, mwaka 1854. Jiwe wameliita kwa Kiingereza jina ambalo ukilifuata neno kwa neno ni "kioo cha mwamba".

Nikasimama pale mpaka mwanangu akaanza kunivuta mkono. Maswali yangu ni mawili. Morel alilivalishaje dhahabu jiwe lenye umri wa miaka mia nane bila kulipasua, wakati kikombe changu kimepasuka kwa kazi ya dakika tano? Na kwa nini watu wa Ulaya walihangaika hivyo kuvalisha dhahabu mawe ambayo yenyewe yanapendeza yakiwa matupu?

---

SonaraWaMjiWaKale (Mombasa)

Pole sana mwanangu. Nimeisoma habari yako mara mbili. Mimi ni sonara, nimekalia benchi ya marehemu baba tangu nina miaka kumi na minne na sasa nina sitini na mmoja. Nakwambia bila kusita: jiwe lako halikuwa bovu. Limepigwa moto.

Yule fundi alitia lehemu ukingo ukiwa bado umekaa kwenye jiwe. Lehemu ya fedha kwa kawaida haiyeyuki mpaka nyuzi 650 za Selsiasi na kuendelea. Akiki na lile jiwe la birika lako ni jamii moja, na jiwe la jamii hiyo likifika nyuzi 573 mpangilio wake wa ndani hubadilika likatanuka ghafla. Hata kabla ya kufika huko, upande uliopigwa moto unatanuka na upande wa pili bado ni baridi. Huu unavuta na ule umegoma, na ufa unapita katikati yao. Tena akiki ina vijitundu visivyoonekana kwa macho, na unyevu uliomo humo ukipata joto hutafuta pa kutokea.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni fupi: jiwe halikaribii moto hata siku moja. Enameli ni unga wa kioo chenye rangi, huyeyushwa juu ya dhahabu kwenye tanuri lenye nyuzi mia saba na hamsini, mia nane. Ungeliingiza birika la duma humo lingetoka vipande. Morel na wenzake walikamilisha kila kipande cha dhahabu peke yake: wakakikata, wakakilehemu, wakakitia enameli, wakakichoma, wakakisugua. Kikishapoa ndipo kikaenda kukutana na jiwe. Kuanzia hapo kila kitu hufungwa kwa baridi.

Nikueleze ninavyofunga mimi kikombe kama chako, kwa sababu kanuni ni ileile. Kitu kilichochongwa kwa mkono hakiwi duara kamili. Naviringisha utepe wa nta laini mdomoni mwa jiwe, naukandamiza kwa kidole gumba ili uchukue kila bonde na kila mwinuko, kisha nautoa taratibu. Kutokana na nta ile nakata ukanda wa fedha tupu, isiyochanganywa na shaba, maana fedha tupu ni laini na inatii mkono. Nauunga uwe pete huku jiwe likiwa limefungwa kwenye kitambaa chumba kingine kabisa. Hapo najaribu. Pete ikibana, naitoa na kuipanua kidogo. Ikilegea, naanza upya, silazimishi. Upande wa chini naukata meno meno kama majani ya mchicha. Nikishaivalisha, nalaza jani moja baada ya jingine juu ya jiwe kwa kijiti cha mpingo. Silazi yanayofuatana, nalaza moja huku, na la pili upande wa pili unaolikabili, ili jiwe lisielemewe upande mmoja. Kati ya fedha na jiwe naacha nta nyembamba sana. Chuma kisigusane na jiwe kikavu kwa kikavu.

Masonara wa Ulaya walikuwa na njia nyingi zaidi ya hii. Vyombo vikubwa walivitengeneza kwa vipande, kitako mbali, shina mbali, bakuli mbali, wakaviunganisha kwa pete za dhahabu zenye bawaba na pini, au kwa ufito wenye skrubu uliofichwa ndani ya shina. Ukiona pete ya dhahabu katikati ya shina la chombo cha namna hiyo, jiulize inaficha nini. Mara nyingi ni maungio. Wakati mwingine ni mahali palipovunjika.

Na jambo moja nalishikilia kuliko yote: dhahabu hukatwa kulifuata jiwe, jiwe halikatwi kuifuata dhahabu. Dhahabu ukikosea unaiyeyusha ukaanza tena, hakuna kilichopotea ila jasho lako. Jiwe ukikosea, basi.

---

MwanaLubumbashi (Saint-Denis, Ufaransa)

Dada, pole kwa kikombe cha bibi. Mimi nitajaribu swali lako la pili, kwa sababu nakaa Saint-Denis, na kutoka kwangu hadi kanisa la zamani la abasia, yaani makao ya watawa, ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Abasia hii iliongozwa kuanzia mwaka 1122 na mtawa aliyeitwa Suger. Aliandika mwenyewe kwamba alikuta gudulia la jiwe la pofiri limelala sandukuni miaka mingi bila kazi. Pofiri ni jiwe jekundu linaloelekea zambarau, lilichimbwa na Warumi katika jangwa la mashariki la Misri, na ni gumu kweli kweli. Suger hakutaka lichongwe upya. Aliwaambia mafundi walitie kichwa cha tai, mabawa na miguu, vyote kwa fedha iliyopakwa dhahabu. Leo tai huyo yuko jumba la makumbusho la Louvre, Paris, na nimekwenda kumwona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Tumbo lake ni jiwe. Shingo ya fedha inapanda pale pale palipokuwa mdomo wa gudulia, na ukisimama ubavuni mwake unaona jinsi chuma kilivyofuata mzingo wa jiwe bila kulikwaruza.

Shingoni aliandikisha maneno ya Kilatini ambayo maana yake ni hii: jiwe hili linastahili kufungwa kwa vito na dhahabu, lilikuwa marumaru, lakini humo limekuwa na thamani kuliko marumaru. Nadhani jibu la swali lako limo hapo. Kwake yeye gudulia la kipagani lililosahauliwa sandukuni, likishavalishwa, linaingia altareni. Nguo zile zilikuwa ruhusa yake ya kuingia.

Alikuwa pia na kikombe cha misa cha akiki ya milia, ile inayoitwa sardoniki. Bakuli lenyewe lilichongwa karne moja au mbili kabla ya Kristo, yamkini Iskanderia, na Suger akalifungia mishikio na kitako. Kiliibwa Paris mwaka 1804, kikavushwa hadi Uholanzi kwa siri, na sasa kiko National Gallery of Art mjini Washington. Ukipata safari ya huko usiache kukitazama. Milia yake inacheza kama mawimbi ya ziwa jioni.

---

MwalimuWaMalindi (Unguja)

Assalam alaykum. Mwanangu BintiPangani, hilo jiwe lililoandikwa "kioo cha mwamba" jina lake unalo tayari nyumbani. Ni bilauri. Neno letu limetoka kwa Waarabu, nao waliita jiwe hilo ballur, kabla sisi hatujalihamishia kwenye gilasi za kioo. Wanaosoma Biblia ya Kiswahili wanalijua vizuri: mto wa maji ya uzima katika Ufunuo unang'aa "kama bilauri". Kwa hiyo bibi yako aliweka kikombe cha akiki kati ya bilauri zake, na wewe umekwenda kukutana na bilauri ya kweli Dallas. Nimefurahi mno kusoma hivyo.

Kuna na jingine linalotuhusu zaidi. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, ameandika katika kitabu chake cha vito kwamba bilauri ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanj, yaani huku kwetu, na kutoka visiwa vya Dibajat, yaani Maldivi na jirani zake, na Basra ndiko ilikochongwa vyombo. Na huko Dembeni, kisiwani Mayotte, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vipande vingi vya bilauri ghafi katika mji uliostawi kati ya karne ya 9 na ya 12. Wanadhani jiwe hilo lilitoka Madagaska.

Lakini tusikimbilie kusema birika la Dallas ni jiwe letu. Nasir Khusraw, msafiri Mwajemi aliyekaa Cairo miaka ya 1040, aliwaona mafundi wakichonga bilauri kwenye soko la taa, akaandika kwamba ilitoka Maghribi, yaani Afrika ya kaskazini-magharibi, na kwamba siku za karibuni imekuja nyingine bora zaidi kutoka bahari ya Sham, yaani Bahari Nyekundu. Katika soko hilohilo aliona pembe za ndovu za Zanzibar. Basi njia ilikuwapo na vyombo vilipita. Jiwe la birika hili moja lilipita njia ipi, birika halisemi.

Mabirika ya namna hiyo yanayojulikana duniani ni kama saba tu. Moja liko katika hazina ya kanisa la San Marco, Venice, na lina jina la khalifa al-Aziz Billah, aliyetawala kuanzia 975 hadi 996. Mengi ya vyombo hivyo yalitoka Cairo miaka ya 1060, wakati askari wasiolipwa mishahara walipoipora hazina ya khalifa. Yalipofika Ulaya yakaingia makanisani, yakawekewa mabaki ya watakatifu, yakavalishwa dhahabu. Na yakiwa humo yakasalimika.

Dhahabu lakini inaweza pia kumpoteza mtazamaji. Birika lako hilo la duma lilitokea kwenye mnada mdogo huko Somerset, Uingereza, Januari 2008. Waliolitazama waliona enameli ya Kifaransa, wakaliandika kuwa jagi la mvinyo la Ufaransa la karne ya 19, bei ya makisio pauni 100 hadi 200. Wawili watatu waliojua walikuwapo, likafika pauni 220,000. Mauzo yale yakabatilishwa kwa makubaliano, na Oktoba mwaka huohuo likauzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Walitazama nguo wasimtazame aliyeivaa.

---

KiprutoWaEldoret

Naomba kuuliza, wazee wangu. Hivi vyombo walikuwa wanavinywea kweli? Na hilo jiwe lilichongwaje kama ni gumu hivyo? Nilisoma jiolojia kidogo, bilauri ni 7 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kisu cha kawaida hakilikwaruzi.

---

SonaraWaMjiWaKale (Mombasa)

Swali zuri, kijana wangu. Kisu hakichongi bilauri. Kinachochonga ni unga wa jiwe gumu kuliko hilo. Walichukua unga wa jiwe la msasa, jamii ya yakuti, ambalo kwenye kipimo chako ni 9, wakauchanganya na maji au mafuta, wakaupaka kwenye gurudumu la shaba au la chuma linalozunguka. Gurudumu linabeba unga tu, na unga ndio unaokula jiwe. Ndani ya birika walishuka kwa keekee kupitia shingo nyembamba, wakatanua tumbo wakiwa hawaoni mkono wao. Hebu fikiria: umebakiza ukuta mwembamba kama ganda la yai, na duma bado hujawamaliza. Mikono ya watu hao naiheshimu kuliko ya sonara yeyote, nami nikiwamo.

Hata Ulaya kazi hizo zilikuwa mbili, za mafundi wawili. Milano kulikuwa na koo nzima za wachonga mawe, Miseroni na Saracchi. Mwaka 1588 Kaisari Rudolf II alimwita Ottavio Miseroni ahamie Praha amchongee yeye. Dhahabu ikafungwa na watu wengine. Florence vivyo hivyo: chupa ya lapisi lazuli, lile jiwe la buluu, iliyotengenezwa mwaka 1583 kwa ajili ya Francesco wa Medici, mtawala wa huko, umbo lilibuniwa na Buontalenti na dhahabu yenye enameli ni ya Jacques Bylivelt. Chupa ile nimeiona kwenye picha tu, lakini nimeitazama sana. Pale mishikio inapokutana na jiwe sioni tundu.

Kuhusu kunywea, baadhi waliamini mawe fulani humwonyesha mnywaji kama kuna sumu, kwa hiyo huenda wapo walionywea. Lakini vingi vilikuwa vya kutazamwa. Mwana mkubwa wa Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, mwana huyo aliyefariki mwaka 1711, alikuwa na vyombo vingi vya namna hii, na sehemu iliyorithiwa na mwanawe, mfalme wa Hispania, sasa iko jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Kinachonigusa mimi ni kwamba mikebe yao ya ngozi bado ipo, kila mmoja umekatwa kwa umbo la chombo chake. Aliyeitengeneza alifanya kama sonara anavyofanya: alikipima chombo kwanza.

---

BintiPangani (Dallas)

Shikamoo mzee wangu, shikamoo mwalimu. Nimewasomea maneno yenu mama yangu kwa simu, naye akanikumbusha kwamba bibi alikuwa akisema "bilauri" hata kwa kitu ambacho si cha kunywea, akimaanisha kitu safi.

Jana nilirudi kule makumbusho peke yangu. Nikachuchumaa mpaka macho yakawa sawa na kitako cha birika. Niliposimama kwa urefu wangu mara ya kwanza niliona dhahabu na jiwe kama kitu kimoja. Kutoka chini nikauona mstari mwembamba kama uzi wa kushonea unaovitenga. Hakuna alama ya moto, hakuna lehemu iliyomwagika. Nimeinuka pale magoti yanauma, lakini nimeelewa kosa lililofanyika kwenye kikombe changu kuliko ambavyo ningeelezwa.

Sasa mzee, nifanye nini? Ufa umefika karibu na kitako. Kuna mtu ameniambia nitie gundi.

---

SonaraWaMjiWaKale (Mombasa)

Marahaba mwanangu. Usitie gundi. Gundi hugeuka njano na ikishaingia kwenye akiki haitoki. Usikioshe kwa maji ya moto, usikiweke dirishani penye jua. Na usimruhusu mtu autoe ule ukingo kwa moto. Ulivyoingia kwa moto sivyo utakavyotoka. Mimi nitaukata kwa msumeno mwembamba pale ulipounganishwa, upande wa pili wa ufa, na kati ya msumeno na jiwe nitapitisha kipande cha ngozi.

Kisha nitakitengenezea ukingo mpya, mpana kidogo, wenye majani marefu mawili yanayoushika ufa kutoka pande zote mbili. Ufa utaonekana. Sitauficha, maana ukifichwa mtu wa kesho atakishika vibaya. Ila hautaendelea kushuka.

---

BintiPangani (Dallas)

Binamu yangu anasafiri kuja Mombasa Desemba. Nitamkabidhi kikombe mkononi, hakitaingia kwenye sanduku la mizigo. Nimekizungushia kile kitambaa cha bibi, nikakitia ndani ya kopo la maziwa ya unga na pamba chini na juu. Gharama uniambie bila kuona haya.

---

SonaraWaMjiWaKale (Mombasa)

Gharama tutazungumza nikishakiona. Mwambie binamu aje asubuhi, mwanga wa kaskazini unaingia vizuri dukani mpaka saa tano. Na nikishaukata ule ukingo, usiniambie niutupe. Hiyo ni fedha ya bibi yako. Nitaiyeyusha, niisafishe ibaki fedha tupu, niongeze kidogo tu, na ndiyo nitakayoikatia ukingo mpya.